Ndoa Yetu ya Leicester: Msajili Asubuhi, Nikahi Alasiri

Cheti kile kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na kadi za kliniki za watoto na picha za harusi. Kilikuwa cheti kizuri kukitazama: ukingo wa rangi ya dhahabu, Bismillahi juu kwa hati ya Kiarabu, jina la bwana harusi na la bibi harusi, jina la walii, majina ya mashahidi wawili, kiasi cha mahari, na muhuri wa samawati chini. Dada aliyenionyesha ni mtu wa Mombasa, ndiye aliyenipangisha chumba nilipofika Leicester, na alikuwa ameishi na mumewe miaka 11 na kumzalia watoto watatu. Mume alipoondoka, alikichukua cheti kile akaenda nacho kwa wakili. Wakili alikisoma, akakirudisha ndani ya bahasha yake kwa adabu, kisha akamweleza kwamba kwa sheria ya Uingereza yeye si mke aliyeachwa, kwa sababu mbele ya sheria hiyo hakuwahi kuwa mke.

Wakati huo nilikuwa nimeshaposwa. Wajomba wa mwenzangu walikuwa wamepeleka barua ya posa Tanga, majibu yalikuwa yametoka na mahari yalikuwa yamekubaliwa. Kwa fikra zetu sote, lililobaki lilikuwa kumtafuta shehe, kutafuta ukumbi na kupanga tarehe. Hakuna kati yetu, wala kati ya wazazi wetu, aliyekuwa amejiuliza tutafunga ndoa ya namna gani, kwa kuwa Mwislamu wa Tanga akimuoa au akiolewa na Mwislamu wa Mombasa hufungwa nikahi, na mambo yakaisha. Usiku ule nilimpigia simu mwenzangu nikamwomba tusimamishe kila kitu mpaka tujue tunachokifanya. Ninaandika haya kwa ajili ya walio mahali tulipokuwa sisi usiku ule, hasa wanawake, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba hasara ya kutojua huangukia zaidi upande wetu.

Ili nieleze kosa linaanzia wapi, sina budi kuanza na nyumbani. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeziweka chini ya paa moja ndoa ya bomani, ndoa za dini na ndoa za kimila. Shehe anayefungisha ndoa msikitini kwetu hufanya kazi mbili kwa pamoja, ingawa sisi waalikwa huiona moja tu: akishasoma hutuba, walii akishatamka kwamba amemuoza binti yake na bwana harusi akishajibu kwamba amekubali, huletwa fomu za Serikali, watu wakatia saini, na ndoa ile ikaingia katika kumbukumbu za nchi. Kenya nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataja ndoa za aina tano, yaani ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na kila iliyosajiliwa ina hadhi sawa na nyingine. Hata wasiofunga ndoa kabisa, sheria ya Tanzania haiwaachi mikono mitupu, kwani mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kuwa ni mke na mume, mahakama huanza na dhana kwamba wameoana, na anayepinga ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo huamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba dini ikishaifunga ndoa, Serikali imo ndani yake.

Uingereza haiko hivyo. Nikisema Uingereza hapa nina maana ya England na Wales, maana Scotland ina sheria zake na nitazigusia baadaye. Sheria inayotawala ndoa ni ya mwaka 1949, lakini mizizi yake inafika hadi sheria ya mwaka 1753, iliyotungwa kukomesha ndoa za siri na kutaka watu wote wafungie ndoa katika Kanisa la Anglikana, isipokuwa Wayahudi na Waquaker, yaani watu wa dhehebu moja dogo la Kikristo. Waislamu hawakuwamo katika fikra za waliotunga sheria ile, na chapa ya wakati ule haijafutika, kwa sababu hadi leo sheria huanza kwa kuuliza habari ya taarifa na ya jengo. Je, wawili hawa walitoa taarifa kwa msajili kabla ya ndoa? Je, ndoa imefungwa katika ofisi ya msajili, mahali palipoidhinishwa kwa ndoa za kiserikali, kanisa la Anglikana, au jengo la ibada lililosajiliwa kwa ajili ya kufungishia ndoa? Nikahi iliyofungwa sebuleni, mgahawani au katika msikiti usiosajiliwa kwa ndoa, pasipo taarifa yoyote kwa msajili, haina jibu hata kwa swali moja kati ya hayo, hata kama walii alikuwapo, mashahidi walikuwapo na watu mia mbili walikula pilau.

Jambo hili limefika mahakamani. Kesi inayojulikana zaidi ilihusu mume na mke waliofungishwa nikahi na imamu katika mgahawa mmoja wa Southall, London, mwaka 1998. Ilitarajiwa kwamba ndoa ya msajili ingefuata. Mke alikumbusha mara kwa mara, miaka ikapita, wakapata watoto wanne, na hadi walipotengana mwaka 2016 ndoa hiyo ya pili ilikuwa haijafungwa. Mwaka 2018 jaji wa Mahakama Kuu alisema kwamba ndoa yao ni ndoa batili. Neno hilo linaumiza masikioni, lakini lilikuwa la kumfaa mke, kwa sababu hata mwenye ndoa batili anaruhusiwa kuiomba mahakama igawe mali. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo na kusema kwamba sherehe ile ya 1998 haikuunda ndoa yoyote, hivyo hapakuwa na kitu cha kubatilisha. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2018, jopo huru lililoundwa na Serikali kuchunguza mabaraza ya sharia lilikuwa limependekeza sheria ibadilishwe ili ndoa ya Kiislamu iende sambamba na usajili wa kiserikali au iufuate. Mwaka 2022 Tume ya Sheria nayo ilitoa mapendekezo ya kuufumua mfumo mzima, ili sheria imtazame anayefungisha ndoa badala ya kulitazama jengo. Anayeoa au kuolewa apange mambo yake kwa sheria iliyopo, asingoje mapendekezo.

Maana ya hayo maishani ni nzito. Mwanamke mwenye nikahi peke yake, wakiachana na mumewe, hawezi kuiomba mahakama igawe nyumba, akiba na pensheni kama mke anavyoweza; atalazimika kuthibitisha kwa risiti na maandishi kwamba alichangia nyumba, kama vile wawili hao walikuwa washirika wa biashara. Mume akifa bila wasia, mwanamke huyo harithi chochote moja kwa moja, bali hubaki kuiomba mahakama imfikirie. Matunzo ya watoto hayapotei, maana hayo hayategemei ndoa ya wazazi. Watanzania tunaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama yetu ya Rufaa ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Dada yule wa Mombasa alipika, akafua, akalea na kushika zamu za usiku katika nyumba ya wazee kwa miaka 11, na hakuupata hata mlango wa kupitia ili mchango huo upimwe. Wengi hapa, hata Waingereza wenyewe, hudhani kwamba ukikaa na mtu miaka mingi sheria hukuhesabu kuwa mke wake kwa mazoea. England hakuna ndoa ya namna hiyo.

Lililonishangaza kuliko yote nililipata siku chache baadaye, nilipokuwa nikisoma. Nikahi iliyofungwa Tanga na kufuata sheria ya Tanzania, Uingereza inaitambua, kwa sababu kanuni ya jumla ni kwamba ndoa iliyo halali kwa taratibu za nchi ilikofungwa ni halali hapa pia, almradi wenyewe walikuwa na sifa za kuoana. Kwa hiyo baba yangu akitamka maneno yale sebuleni kwetu Ngamiani, mbele ya shehe mwenye kibali, mimi ni mke Tanga na ni mke Leicester. Akiyatamka maneno hayo hayo sebuleni Leicester, mbele ya shehe huyo huyo na mashahidi hao hao, mbele ya sheria mimi si mke kokote Uingereza. Natamani kila mzazi anayemuoza binti yake ughaibuni alijue hili kabla ya kupokea mahari.

Basi njia ya kwanza tuliyoifikiria ilikuwa kwenda kufungia nyumbani, na kwa walio wengi nadhani ndiyo njia nyepesi zaidi. Kwetu haikuwezekana. Mama yake mwenzangu anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, hawezi kupanda ndege, na mwanawe wa pekee hakuwa tayari kuoa mahali ambapo mama yake hayupo. Sikumlaumu, nilimpenda zaidi kwa hilo.

Njia ya pili ilikuwa msikiti uliosajiliwa kwa ndoa, ambamo nikahi na ndoa ya kisheria hufungwa kwa kikao kimoja. Hapa tulipoteza wiki sita. Katika msikiti wa kwanza tulioulizia, mzee wa ofisi alituhakikishia kwamba wana cheti cha Serikali, akatupa tarehe, nasi tukaanza kuwaambia jamaa. Mwenzangu aliomba akione. Kilikuwa cheti cha kweli, lakini kilisema kwamba jengo lile limetambuliwa kuwa mahali pa ibada, jambo ambalo lina usajili wake tangu sheria ya mwaka 1855. Usajili wa kufungishia ndoa ni mwingine, unaombwa juu ya huo wa kwanza, na wao hawakuwahi kuuomba. Sidhani kwamba mzee yule alitaka kutudanganya, kwani mwenyewe aliamini anachosema. Serikali huchapisha orodha ya majengo ya ibada yaliyosajiliwa kwa ndoa, iko wazi mtandaoni, na ofisi ya msajili ya eneo lako itakujibu ukiipigia simu. Mimi sasa kila ninayesikia anaoa humwambia aulize maswali mawili kwa mpigo: je, jengo limesajiliwa kwa ndoa, na siku ya ndoa atakuwapo nani mwenye mamlaka, msajili mwenyewe au mtu wa msikitini aliyeidhinishwa?

Tulipata msikiti ambao majibu yake yote mawili yalikuwa mazuri, na hapo ndipo likaibuka jambo ambalo sikulitarajia. Kwetu pwani bibi harusi hayumo katika kikao cha ndoa. Shehe na mashahidi humfuata ndani alikokaa, wakamuuliza ridhaa yake, naye akaijibu kwa sauti ndogo huku somo wake, yaani kungwi wake, amemshika mkono. Kisha wanaume hurudi barazani, na maneno ya kuoza husemwa na walii. Sheria ya England inataka mume na mke, kila mmoja kwa kinywa chake, watamke kwamba hawajui kizuizi chochote cha kuoana, kisha kila mmoja awaite waliopo washuhudie kwamba anamkubali mwenzake kuwa mume au mke wa halali. Katika msikiti ule wanawake hukaa ghorofani na kusikiliza kwa kipaza sauti, kwa hiyo ingenilazimu nishuke, nisimame kati ya safu za wanaume, niseme maneno hayo, halafu nirudi juu. Nilipomweleza baba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, kusema si haramu. Lakini ningependa nikahi yako iwe kama ya mama yako.” Nami, kusema kweli, ndivyo nilivyopenda.

Hivyo tukaichagua njia ya tatu, ya kutenganisha vitu hivi viwili: ndoa ya kiserikali katika ofisi ya msajili, na nikahi baada yake, kila moja kwa adabu zake. Sheria inaruhusu waziwazi watu waliokwisha kuoana kwa msajili wafanye ibada ya ndoa ya dini yao baadaye, na ibada hiyo haiondoi wala haiongezi chochote katika ndoa ya kwanza. Nimewasikia wenzetu wakiiona njia hii kuwa ni kuidogosha nikahi, kana kwamba tumesema haitoshi. Mimi naiona kinyume. Nikahi ilipoondolewa mzigo wa kuwa hati ya Serikali, ilibaki kuwa ibada, na hakuna aliyelazimika kuikatakata ili maneno ya Kiingereza yapenyezwe katikati.

Kwa ndugu zangu Wakristo mambo yana sura nyingine kidogo. Kanisa la Anglikana lina mamlaka yake ya kufungisha ndoa, na wengi wanaujua utaratibu wa kutangazwa Jumapili tatu. Lakini ikiwa mmoja wenu si raia wa Uingereza au Ireland wala hana hadhi ya ukaazi chini ya mpango wa raia wa Ulaya (EU Settlement Scheme), matangazo ya kanisani hayatoshi, ni lazima mtoe taarifa kwa msajili. Makanisa mengine, ya Kikatoliki, ya Kilutheri au ya Kipentekoste, huangaliwa kwa usajili wa jengo kama misikiti. Hapa nina wasiwasi na ibada zetu za Kiswahili zinazofanyika katika kumbi za kukodi, kwa sababu mchungaji anaweza kuwa na daraja kamili la uchungaji alilolipata Moshi au Kisumu na bado ndoa atakayoifungisha katika ukumbi ule isiwe ndoa kisheria. Waliopo Scotland wana nafuu: huko sheria humtazama mfungishaji, kwa hiyo imamu au mchungaji aliyeidhinishwa anaweza kuifungisha ndoa halali hata nyumbani au bustanini, mradi hati ya ndoa imetolewa na msajili kabla ya siku yenyewe, na fomu zimefika kwa msajili angalau siku 29 kabla.

Taarifa ya ndoa ndiyo iliyotutia jasho. Mnatakiwa muwe mmeishi katika eneo hilo la usajili siku 7 kamili kabla ya kuitoa, mfike wenyewe, na mtaje mahali hasa mtakapofungia ndoa. Mkibadilisha mahali, mnaanza upya. Kuna kungoja kwa siku 28, na kwa kuwa mimi nipo hapa kwa viza ya kazi, habari zetu zilipelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ina uwezo wa kurefusha kungoja huko hadi siku 70. Kwa sababu hiyo hatukulipia ukumbi wala kukata tiketi ya mtu yeyote mpaka barua ilipokuja kutuambia kwamba siku zetu zitabaki 28. Wanaotoka nyumbani kwa ajili ya kufunga ndoa hapa wajue pia kwamba kuna viza mbili tofauti: ya mgeni anayekuja kufunga ndoa na kurudi kwao, na ya mchumba anayekuja kufunga ndoa ndani ya miezi 6 ili abaki. Ya kwanza haigeuzwi kuwa ya pili ukiwa tayari uko hapa, na aliyekuja kwa viza ya uchumba akifunga nikahi tupu hajatimiza sharti lake.

Siku ya kutoa taarifa tuliingia mmoja mmoja. Ofisa, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliniuliza jina kamili la mwenzangu, tarehe yake ya kuzaliwa na kazi yake, nikajibu vizuri. Tulikwama kwa baba yangu. Paspoti yangu ina jina langu, la baba na la babu, kwa hiyo yeye alilichukua jina la babu kuwa jina la ukoo, kisha akashindwa kuelewa kwa nini baba mwenyewe hana jina hilo mwishoni mwa lake. Nilichora kwenye karatasi: huyu ni mimi, huyu ni baba, huyu ni babu, na kila kizazi jina husogea nafasi moja. Aliitazama karatasi ile kwa makini, akasema kwamba atayaandika majina kama yalivyo katika cheti changu cha kuzaliwa. Nawashauri wenzangu mhakikishe herufi moja moja, kwani “Muhammad” ya paspoti na “Mohamed” ya cheti huweza kukusumbua miaka mingi baadaye.

Swali gumu zaidi liliulizwa na mama kwa simu. “Mkitoka huko kwa msajili saa nne asubuhi, mtakuwa mke na mume, au bado?” Nilimwambia kwamba mbele ya Serikali tutakuwa mke na mume, lakini mbele ya Mungu na mbele yake yeye tutakuwa bado mpaka nikahi ipite, ndiyo maana tumeziweka siku moja. Shehe wetu alikubaliana na mpango huo. Hivyo, tulipotoka kwa msajili, mwenzangu alipanda gari la kaka zake nami nikapanda la shangazi, na kwa saa tano tulikuwa mke na mume tusiosogeleana. Shangazi alilinda sharti hilo kwa moyo wake wote.

Mjomba naye alikuwa na lake. Nyumbani, nikahi huchukuliwa kuwa ndoa ya wake zaidi ya mmoja au inayoweza kuwa hivyo, ilhali ndoa yoyote inayofungwa Uingereza ni ya mke mmoja, na aliyekwisha kuoa hapa akioa mwingine hapa kisheria anatenda kosa la jinai. Mjomba alitaka kujua kama kijana ameelezwa kwamba anajifunga. Mwenzangu alimjibu mwenyewe kwamba ameelezwa, ameelewa, na ndivyo anavyotaka. Mazungumzo hayo hatungeyafanya kama tungefunga nikahi peke yake, na ninashukuru yalifanyika mapema, mbele ya wazee.

Chumba cha msajili kilikuwa kidogo, na viti ishirini. Maofisa walikuwa wawili, mmoja wa kufungisha na mmoja wa kuandika. Ndoa ya kiserikali hairuhusiwi kuwa na ibada ndani yake, kwa hiyo Kurani haikusomwa, dua haikuombwa, na kasida niliyoitaka wakati wa kuingia ilikataliwa; tuliruhusiwa ala tupu ya udi na kanuni, ya taarabu ya zamani, na nilipoisikia nilifurahi kwamba ndiyo iliyobaki. Nilitamka maneno yangu kwa Kiingereza bila kutetemeka. Nilikuwa nimemwomba dada yule wa Mombasa awe shahidi wangu, naye aliisoma hati yote kuanzia juu, polepole, ofisa akimngojea, kabla ya kuweka saini.

Alasiri, katika ukumbi wa jumuiya, kila kitu kilikwenda kama Tanga. Baba alikuwa amemfanya shehe kuwa wakala wake kwa barua iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili, na siku hiyo akarudia kwa sauti yake kwenye simu. Shehe aliingia chumbani na mashahidi kuniuliza ridhaa yangu. Shangazi alinishika mkono. Shada la asumini lilikuwa dogo, la maua ya mmea mmoja ambao shangazi alikuwa ameutunza dirishani tangu msimu wa baridi, lakini harufu yake ilijaza chumba. Kupitia ukutani nilisikia, “Nimekuoza, kwa uwakala wa baba yake,” kisha jina langu, kisha kiasi cha mahari, kisha sauti ya mwenzangu ikajibu haraka mno, na vigelegele vikaanza kabla hajamaliza.

Cheti cha Serikali tumekipeleka kuhalalishwa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa na kisha Ubalozi wa Tanzania, kwani sheria yetu inaitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa ilifuata taratibu za nchi hiyo, wenyewe walikuwa na sifa za kuoana na waliridhiana. Cheti cha nikahi kimo katika faili lile lile. Nilimtumia mama picha za vyote viwili. Cha nikahi alikibusu kwenye simu. Cha msajili alikikuza kwa vidole mpaka akafika kwenye safu za wazazi, maana tangu Mei 2021 hati za ndoa za England na Wales huandikwa jina la mama pia, wakati kabla ya hapo aliandikwa baba peke yake. Alinipigia saa hiyo hiyo kuniuliza neno lile la Kiingereza mbele ya jina lake lina maana gani. Nikamwambia ni kazi yake, fundi cherehani. Akaniomba nimsomee tena.